Folda Iliyopotea na Jumapili ya Wote

Gisenyi, Jumatano

Yaya Vénantie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kwa niaba ya ukoo wote wa Mama Mukamazimpaka, walioko Rugerero, Rubona, Mudende na Kigali, na kwa huzuni inayostahili ngoma na dakika moja ya kunyamaza, ninakutangazia rasmi kifo cha ghafla cha folda moja ya kompyuta. Marehemu hakuugua. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa mzima, Jumatatu hakuonekana. Ameacha kalenda moja, kitabu kimoja cha namba za simu, mapishi ya Claudette, na mjane mmoja, yaani mimi.

Sasa kaa chini, usiitupe barua. Najua umeshautambua mwandiko wangu, huu ambao tangu tukiwa Goma wewe ulikuwa unasema kuku akipita kwenye matope anaandika vizuri zaidi. Hujambo lakini? Goti lako linapatana na ngazi za shule? Shemeji yangu bado anapanda miti ya parachichi na kuiita kwa majina? Wanafunzi wako wa Kiswahili nawaonea huruma kidogo, maana hata mimi hapa ninaandika nikiiona kalamu yako nyekundu. Sisi wa huku tu wazima. Illuminée wangu anakusalimu sana na anasema kile kitambaa ulichomfumia kipo, nitakwambia kipo wapi. Ziwa liko mahali pake. Mvua inanyesha kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako inaita tu, haipokelewi, na kwa sababu ya ule ujumbe wako. Mdogo wetu Shyaka aliweka picha za Jumapili kwenye simu yake, ulimwengu wote ukaziona, nawe ukaniandikia mimi, si yeye: "Nimeona mapicha. Mulipendeza." Basi, mwisho. Illuminée aliusoma akafurahi, akasema wifi yake ana moyo mwema. Nikamwambia ni kwa sababu yeye hakuwahi kuwa mwanafunzi wako. "Mulipendeza" ndilo neno unalomwambia mtoto kabla ya kumwita baba yake shuleni. Mi nakujua, Yaya. Najua ulichokiona katika picha zile: Mama katikati, watoto wake wanne wamemzunguka, na mkubwa wao hayupo. Najua pia ulichofikiri, kwamba tulipanga, tukakutana, tukala, na hatukukuita. Barua hii ni ya jambo hilo tu. Lakini unajua mimi siwezi kushuka Rubona bila kwanza kuzungukia Mudende, kwa hiyo nivumilie.

Zamu ulizianzisha wewe, hilo halina ubishi. Mama alipoteleza uani mwaka jana, akakaa pale chini karibu na tangi la maji mpaka jirani aliposikia sauti yake, ulitukusanya kwenye simu ukasema haitapita Jumapili bila mtoto wake mmoja kuwa kwake, na hutaki kusikia "nitajaribu". Ukapanga nani na lini, mimi nikapewa kazi ya kuziweka siku hizo kwenye kalenda ya ile kompyuta yangu iliyo chini ya televisheni. Mimi ninaiita seva. Illuminée anaiita jiko, kwa sababu inatoa joto na haiivishi kitu, na juu yake ndipo alipokitandika kitambaa chako, ili wageni wasiulize. Uliniuliza wakati ule kwa nini tusiweke mambo yetu kwa makampuni makubwa kama watu wengine wote. Nikakujibu kwa hotuba ndefu, unaikumbuka, kwamba picha zetu na siku zetu zilale nyumbani kwetu. Ukaguna, ukanipa uwaziri wa teknolojia wa familia. Halafu picha za ubatizo wa mjukuu wako zikageuka zote miguu juu, kasisi anabatiza kutoka darini, ukasema waziri akikosea mara nyingine moja, utatuhamisha sote kwa makampuni na yeye abaki na jiko lake. Sharti hilo liweke kando, lina kazi yake mbele.

Basi, Jumamosi ya umuganda iliyopita niliona ni siku nzuri ya kusasisha programu ya seva. Programu ilikuwa inaniomba toleo jipya tangu zamani, kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji. Na asubuhi ya umuganda kila mtu yuko na jembe au fagio kwa kazi ya mtaa, maduka yamefungwa, nani atafungua kalenda? Nikaiamuru ijisasishe, nikachukua jembe, nikaenda kuungana na wenzangu kuzibua mfereji. Niliporudi ilikuwa imemaliza. Taa ya kijani inawaka. Nikajipongeza. Kesho yake, Jumapili, zamu ilikuwa yangu, nikaenda Rugerero kwa Mama nikala maharage, hakuna aliyegundua lolote.

Jumatatu dukani, katikati ya fotokopi za watu, nikafungua ukurasa wetu. Badala ya kalenda nikakuta maandishi ya mashine, ya upole kabisa, yakisema folda ya programu haionekani, tafadhali iweke mahali pake au onyesha ilipo. Mteja aliyekuwa anasubiri vyeti vyake aliniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia bado sijui.

Nikueleze kidogo, maana wewe ni mwalimu na utauliza. Programu hii inakaa ndani ya kitu kinachoitwa kontena. Usifikirie yale ya malori, fikiria nyumba ya kupanga. Ukisasisha, mwenye nyumba hapaki rangi ile ya zamani. Anakujengea mpya pembeni, anakuhamishia huko, na ile ya zamani anaifunga mlango. Vitu ulivyoviweka katika stoo ya nje, ambayo ufunguo wake ni wako, vinakufuata. Kitu ulichokitundika ukutani ndani ya nyumba kinabaki kule kule. Picha zetu zilikuwa stoo. Lakini ile folda ya programu ndogondogo, yaani kalenda na wenzake, mimi nilikuwa nimeitundika ukutani.

Nikafanya kile ambacho kila fundi hufanya kwanza: nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikawasha tena, safari hii kwa sura ya mtu anayejua anachofanya. Kisha nikaingia kwenye baraza moja la mtandaoni ambako mafundi wa dunia nzima hukutana kulia. Huko nikamkuta mtu mwenye tatizo langu hilihili, neno kwa neno. Moyo ukaruka! Chini yake ameandika mwenyewe: nimeshalitatua, asanteni. Hakusema vipi. Yaya, kama moto wa milele upo, mtu huyo amewekewa kiti cha mbele.

Jumanne nikaitengeneza folda kwa mikono yangu, nikaipa jina lile lile la marehemu. Ukurasa ukafunguka! Nikamwita Illuminée aje ashuhudie. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akauliza kalenda iko wapi. Kweli, haikuwepo, kwa sababu folda ilikuwa tupu kama kikapu cha sadaka kabla ya misa. Nikajaribu kuirudisha kalenda humo ndani, mashine ikakataa. Kumbe folda niliitengeneza kwa jina la bosi wa mashine, na yule mfanyakazi wake anayehudumia ukurasa hana ruhusa hata ya kuweka sindano. Nikampa ruhusa. Nikaijenga kontena upya ili ianze na akili safi, na folda ikapotea tena yote, kwa sababu, we Yaya, nilikuwa nimeitundika ukutani kwa mara ya pili. Illuminée aliniuliza kama nimeshajaribu kuomba. Kisha akakiondoa kitambaa chako juu ya seva, akasema labda inakosa hewa, akakiweka juu ya redio. Ndipo kilipo hadi sasa.

Ni Jumanne hiyo hofu iliponiingia. Jumapili inayokuja ni zamu ya nani? Sikujua. Kabla ya kalenda tulikuwa na vichwa. Tangu kalenda ije, vichwa vimepumzika. Nikamwona Mama akilini, amekaa mlangoni amevaa kile kitenge chake cha Jumapili, anaangalia barabara, na hakuna anayekuja. Nikachukua simu, nikawapigia ndugu zetu watatu mmoja mmoja, nikiuliza kama mtu asiyeuliza.

Karekezi alikuwa kazini Rubona. Nikamwambia, Jumapili vipi? Akapanda juu: "Bon, we Jado, ulifikiria nimesahau? Jumapili ni yangu, mi niko najua!" Claudette nilimkuta kwenye mkutano ofisini kwake Kigali, akaninong'oneza kwa hasira kwamba bila shaka ni zamu yake, na kwa nini ninamfuatilia kama mtoto wa chekechea. Shyaka alikuwa na ng'ombe zake kule Mudende, upepo unavuma kwenye simu, akasema ndiyo mukubwa, ni yangu, nitakuya na maziwa. Nikabaki na simu mkononi na watu watatu wa Jumapili moja. Hakuna aliyekuwa na hakika, Yaya, nakuapia. Lakini hakuna mtoto anayekubali kuwa yeye ndiye aliyemsahau mama yake, kwa hiyo kila mmoja alijitwika.

Na ikawa vile. Claudette alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango la Mama na mikate ya Kigali, akamkuta Karekezi ameshavua viatu, anaosha visamaki vya ziwani, sambaza. Akamuuliza anafanya nini hapa siku ya zamu yake. Karekezi akamjibu kwamba zamu ya nani, na kama Kigali siku hizi wanahesabu Jumapili tofauti. Claudette akasema yeye amepanda basi la kwanza kabisa, hakuja kufanya utalii. Karekezi akasema basi mwenye kuosha sambaza ndiye mwenye zamu. Wakiwa katikati ya kesi, Shyaka akaingia na gunia la viazi begani na dumu la mtindi, akawasalimia kwa furaha, akawaambia asanteni kuja kunisalimia kwenye zamu yangu. Wote wawili wakamgeukia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, mpaka kitenge kikamteleza.

Mimi nilifika wa mwisho, kwa sababu waziri lazima akague. Wakanigeukia watatu kama mahakama. Nikatoa taarifa rasmi: kwamba toleo jipya la programu, lililotengenezwa na watu wa mbali huko, limeimeza folda. Karekezi akashika kiuno. "Donc, bazungu njo bamekula kalenda ya Mama?" Nikasema kwa namna fulani, ndiyo. Mama akafuta machozi ya kicheko, akauliza, "Batoto, mutakula ao mutaendelea kushitakiana?"

Kisha likatokea jambo ambalo ninataka ulijue. Jirani yake, yule mama aliyesikia sauti siku ile ya tangi, alipita njiani akaona viatu vyetu vimejaa mlangoni. Akaingia mbio, mkono kifuani, kanga inaburutika, akauliza nani amekufa. Mama akamwambia karibu ukae, hakuna aliyekufa, ni kalenda tu. Tulicheka, tena sana, na jirani akapewa mkate. Lakini baadaye, nikiwa ninamenya viazi na Karekezi (yeye anavimenya kwa unene kiasi kwamba ng'ombe wa Shyaka wangeshiba maganda), nililifikiria swali lile. Mwanamke yule ameishi karibu na Mama miaka yote hii, na kwa macho yake viatu vya watoto wake haviwezi kukutana mlangoni bila maiti kuwa ndani.

Tukala. Unavijua viazi vya Mudende, jinsi vinavyopasuka vyenyewe vikiiva. Claudette alilalamika kwamba mapishi yake yamemezwa pamoja na folda, Mama akamwambia ni afadhali. Shyaka akapiga zile picha, mkono ameunyoosha ili naye awemo. Na kabla mtu yeyote hajaongezewa, Mama alichukua sahani moja, akapakua maharage, viazi na sambaza, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Karekezi akanyoosha mkono akidhani ni nyongeza. Mama akampiga kofi la kiganja kama mtoto. Akasema ile ni ya mukubwa wenu, mitihani ya shule ikiisha anaweza kupita.

Mimi niliangalia chakula changu.

Sasa nimefika Rubona, Yaya. Nitakuambia ilivyokuwa, bila taarifa rasmi.

Kwanza, hakuna mzungu aliyeimeza folda. Jumamosi ile niliporudi kutoka umuganda, matope magotini na roho imejaa usafi, niliketi mbele ya seva nikaona kontena ya zamani bado ipo imefungwa mlango, inachukua nafasi. Kama ningeiacha vile, Jumatatu ningeingia ndani nikaichukua folda yangu ukutani, nikaja nayo, habari ikaisha. Lakini mtu aliyetoka kufagia mtaa mzima anaweza kuacha takataka ndani mwake? Nikaona na kompyuta ipate umuganda wake. Kuna amri ya kufagia kila kisichotumika. Nikaiandika. Mashine ikaniuliza, una uhakika? Hakuna mtu anayerudi kutoka umuganda akasema hana uhakika na kufagia. Nikajibu ndiyo. Folda yetu ikaenda na taka, nami nikaenda kuoga nikiimba.

Pili, kalenda ilirudi Alhamisi. Alhamisi, Yaya, siyo baada ya Jumapili kama nilivyowaambia wote. Mchana ule nilikuwa nakata karatasi dukani ndipo nikaelewa kwamba dawa si kuitengeneza folda ndani ya nyumba, dawa ni kuiweka stoo na kuandika mstari mmoja tu katika faili la mipangilio, unaomwambia mwenye nyumba kwamba ukuta huu una mlango wa kwenda stoo. Mstari mmoja! Nikafunga duka mapema, nikauandika, nikampa yule mfanyakazi ruhusa yake, nikairudisha kalenda ndani ya folda, nikaifungua huku nimefumba jicho moja. Siku zote zilikuwemo. Hata moja haikupotea. Zilikuwa zimekaa stoo tangu mwanzo, na kilichokuwa kimepotea ni kitu cha kuzisomea tu, kama Mama anapopoteza miwani na kusema Biblia yake imefutika. Na Jumapili ile ilikuwa ya Claudette.

Nikapanda pikipiki hadi Rugerero kumpa Mama habari njema. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsimulia yote kama kichekesho, jinsi watoto wake watatu wote walivyodai Jumapili moja, na kwamba jioni ile ningewapigia Karekezi na Shyaka wabaki kwao. Mikono yake ikasimama kwenye maharage. Aliniuliza, "We Jado, utakataza batoto bangu kuja kwangu?" Nikamweleza kwamba ni utaratibu, kila mmoja na siku yake, ulioupanga wewe, Yaya, ili asikose mtu. Akasema anajua, na utaratibu ni mzuri, na Mungu akubariki. Lakini tangu zamu zianze, akasema, anatuona kama shanga zilizokatika uzi, moja moja, leo hii, kesho ile. Ana watoto watano na kila Jumapili ana mmoja. Akanitazama, akasema hiyo mashine yako iache ilale kwanza. Iamke Jumatatu.

Halafu akauliza, "Na Vénantie?"

Hapa ndipo penyewe, Yaya. Nikamwambia una mitihani shuleni. Hukuwa na mitihani. Niliitunga mimi na kuisimamia mimi, pale pale, mbele ya ungo wa maharage.

Kwa sababu wewe peke yako kati yetu umechapisha zamu na kuzibandika ukutani ofisini kwako, nyuma ya mlango. Nililijua hilo tangu Jumanne. Siku ile hofu iliponiingia ilitosha simu moja tu, kwako, nawe ungegeuza shingo ukaniambia ni Claudette, na Karekezi asingeosha sambaza ya mtu. Sikukupigia, kwa sababu ungeniuliza kwa nini naomba ratiba iliyo kwenye kalenda yangu mwenyewe, na ningelazimika kusema nimekosea mara nyingine ile moja. Niliogopa kunyang'anywa uwaziri wa jiko. Ndiyo maana sikuandika kwenye kikundi chetu cha simu, nikawapigia mmoja mmoja, pembeni. Na Alhamisi, Mama aliposema waje wote, bado nilikuwa na nafasi ya kukuita. Ungefika Jumamosi jioni. Lakini ukija ungeuliza imekuwaje kalenda ikafa, na wewe huambiwi habari za wazungu ukaamini. Kwa hiyo nilimpa Mama watoto wake wote isipokuwa yule aliyewafanya wengine wakumbuke kuja. Hawakukuacha wao. Karekezi na wenzake hawajui lolote; Claudette aliuliza mara mbili uko wapi, nami nikampa ile mitihani. Ni mimi peke yangu, na ni kwa ajili ya kompyuta.

Ujumbe wako ulipofika Jumapili jioni sikupata usingizi wa maana. Jumatatu nikarudi Rugerero nikamwambia Mama kila kitu, na umuganda, na ukuta wako, na mitihani. Nilitegemea anicheke, unajua anavyonicheka. Hakucheka. Alisema Vénantie akiwa mdogo ndiye alikuwa anatuhesabu jioni kabla ya kufunga mlango, na usiku tuliovuka mpaka wa nchi, alituhesabu njia nzima, mpaka sauti ikamkauka. Alisema mtoto wa namna hiyo hapaswi kuonyeshwa hesabu isiyotimia kwenye simu. Akaniagiza nikuandikie kwa mkono wangu, nisiitume mashine.

Kwa hiyo imeandikwa, na inakuja na basi la kesho asubuhi pamoja na kifurushi cha sambaza kavu kutoka kwa Karekezi, ambaye anadhani ninakutumia tu salamu. Kama baada ya kuisoma utataka kutuhamisha wote kwa makampuni makubwa, nitakubali, na nitayabeba mapicha mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwao. Nisamehe, Yaya. Msalimie shemeji, na mjukuu, na miti ile mmoja mmoja kwa jina lake. Illuminée anasema nikuambie yeye alikuwa amegundua tangu Ijumaa kwamba ninaficha kitu, kwa sababu nilikuwa ninamsifia mboga.

Chakula kilichokuwa juu ya kabati tulimpa jirani jioni ile ile, kisiharibike. Lakini sahani Mama aliiosha, akairudisha pale juu na sahani nyingine ikiifunika, na hataki mtu aiguse. Ukigeuza shingo, ukuta wako utakuambia Jumapili hii ni ya Karekezi. Kalenda yangu, ambayo sasa ni nzima kabisa, inasema hivyo hivyo. Usituamini wote wawili. Njoo.

Mdogo wako,
Jean de Dieu